Programu ya kompyuta inagoma kwenye simu ya mguso: dalili, chanzo na tiba

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuandika programu ya kompyuta kwa GTK 4 na libadwaita (maktaba za kuunda madirisha na vitufe kwenye Linux), ikafanya kazi vizuri kwenye laptop, kisha mtumiaji akaifungua kwenye simu yenye Linux na kuanza kulalamika. Simu zenyewe ni kama Librem 5, PinePhone, au OnePlus 6 ya mtumba iliyowekewa postmarketOS, mfumo wa Linux wa simu. Ili tusiongee hewani, tuchukue programu ya hesabu za duka: kushoto kuna orodha ya aina za bidhaa, katikati jedwali la stoo, na juu vitufe vya kuongeza, kuhariri, kufuta na kuchapisha.

Wengi hapo hukimbilia kuandika toleo la pili, "la simu". Usifanye hivyo. Matoleo mawili ni mzigo maradufu, na baada ya mwaka mmoja, mojawapo litakuwa limetelekezwa. Mara nyingi ni wijeti (vipande vya dirisha kama vitufe na lebo) mbili tatu tu zinazokorofisha programu nzima. Kazi yako ni kuzinasa.

Kabla ya lolote: muulize mtumiaji ukuzaji wa skrini yake

Librem 5 na PinePhone zote zina skrini ya pikseli 720 kwa 1440, lakini kwa ukuzaji wa 200% programu yako inapewa upana wa 360 tu. Huo ndio upana wa kufanyia kazi. Simu ikilazwa, ukitoa upau wa juu na wa chini, urefu unaobaki ni karibu 294, ndiyo maana nyaraka za libadwaita hutaja 360 kwa 294 kama ukubwa mdogo wa kulenga. Wapo wanaopunguza ukuzaji hadi 150% ili wapate upana wa 480. Mtu wa namna hiyo atakuambia programu iko sawa ilhali jirani yake analia, na wote wawili wanasema kweli.

Huhitaji simu kwa jaribio la kwanza. Kwenye kompyuta shika ukingo wa dirisha ulisinyaze. Likigoma kabla ya kufika 360, ugonjwa umeuona. Ukiwa na libadwaita 1.7 au zaidi, kikaguzi cha GTK (chombo cha kuchungulia programu ikiwa inaendeshwa) kina sehemu ya kuonyesha programu yako ndani ya umbo la simu.

Dalili: dirisha limekatwa upande wa kulia

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Mtu huanza kupunguza fonti na nafasi kati ya vitufe, anaharibu sura ya programu kwenye kompyuta, na kwenye simu kitufe cha mwisho bado hakionekani.

Dirisha haliwezi kuwa jembamba kuliko mtoto wake, yaani wijeti iliyomo ndani yake, mpana kuliko wote. Kila wijeti hutangaza upana wake wa chini, mzazi hujumlisha au huchukua ulio mkubwa, na hesabu hupanda hivyo hadi juu. Kwa hiyo tafuta nani ametangaza namba kubwa. Endesha programu hivi:

```
GTK_DEBUG=interactive ./hesabu-duka
```

Kikaguzi kikifunguka, shuka kwenye mti wa wijeti ukisoma vipimo vyao. Kama dirisha lako lina AdwBreakpoint (sharti la kubadilisha mpangilio dirisha likifika upana fulani), kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu libadwaita hulalamika yenyewe kwenye terminali: hutaja wijeti iliyozidi, upana ilioomba na upana uliopo, mathalani iliomba 575 na iliyopo ni 360. Soma terminali kabla ya kusoma msimbo.

Washukiwa wa kawaida ni hawa.

GtkStack, na ndugu yake AdwViewStack, kwa kawaida huzipa kurasa zote upana mmoja. Ukurasa wa ripoti ambao mtumiaji hajaufungua hata mara moja unaweza kuutanua ukurasa wa mauzo anaoutazama sasa hivi. Hapa watu hupoteza muda mwingi, kwa kuwa mkosaji haonekani kwenye skrini. Weka `hhomogeneous` iwe FALSE.

GtkScrolledWindow iliyokatazwa kusogea kwa mlalo, yaani `hscrollbar-policy` ikiwa `never`, hupitisha upana wa chini wa mtoto wake moja kwa moja kwenda juu. Mara nyingi ndivyo unavyotaka, maana hakuna anayependa ukurasa unaoyumba kushoto na kulia. Lakini basi mtoto mwenyewe lazima awe mwembamba.

Lebo isiyokunjika hutangaza urefu wa sentensi yake yote. Washa `wrap`, au `ellipsize` kama jina linaweza kukatwa bila hasara. Hata ikikunjwa, lebo haishuki chini ya upana wa neno lake refu kuliko yote, na sisi tunaotafsiri programu kwa Kiswahili tunajua kitenzi kimoja kinaweza kubeba sentensi nzima. Weka `wrap-mode` iwe `word-char`, kisha jaribu kwa tafsiri halisi badala ya kutegemea lugha uliyoandikia.

Vitufe vinne vyenye maandishi kwenye upau wa kichwa havitoshi katika 360, hata uvibane vipi. Kimoja kibaki, vingine viingie kwenye menyu. Kama kurasa kuu ni tatu au nne, zihamishie chini kwenye AdwViewSwitcherBar. Huko kidole gumba kinafika bila mtu kubadilisha mkono.

Halafu kuna jedwali. Jedwali la stoo lenye jina, namba ya bidhaa, kiasi, bei ya kununua, bei ya kuuza na tarehe halina dawa ya kubana. Safu sita kwenye upana wa 360 ni pikseli 60 kila moja, na jina la bidhaa halitoshi humo. Unaweza kuacha lisogee kwa mlalo, lakini mwenye duka akisogeza kulia kutafuta bei, jina linatoweka, naye hajui tena bei hiyo ni ya sukari au ya chumvi. Kwenye simu geuza kila mstari wa jedwali uwe mstari wa orodha: jina juu, kiasi na bei ya kuuza chini kwa maandishi hafifu, mengine yakae kwenye ukurasa wa bidhaa yenyewe. Modeli ya data ibaki ileile; unabadilisha kinachoonyeshwa tu. Hii ndiyo kazi pekee katika mwongozo huu inayoweza kukula siku nzima, na inastahili.

Dalili: upau wa kando umejaza skrini, au haujikunji

Tiba yake ni AdwNavigationSplitView pamoja na sharti la upana:

```
<child>
  <object class="AdwBreakpoint">
    <condition>max-width: 500sp</condition>
    <setter object="mgawanyo" property="collapsed">True</setter>
  </object>
</child>
```

Kama msimbo huu hautambuliki kabisa, angalia toleo. Vitu hivi viliingia katika libadwaita 1.4 mwaka 2023, pamoja na GNOME 45. Debian 12 ina 1.2, kwa hiyo simu yenye mfumo uliojengwa juu yake haitavijua. Tumia Flatpak (njia ya kusambaza programu pamoja na maktaba inazozihitaji), ambayo huja na matoleo yake, au urudi kwenye AdwLeaflet ya zamani ukijua kwamba imeshatangazwa kuwa ya kustaafu.

Kipimo cha `sp` hukua pamoja na ukubwa wa maandishi aliouchagua mtumiaji. Mwenye macho dhaifu aliyekuza maandishi hadi 1.25 atapata mpangilio wa simu hata dirisha likiwa na pikseli 600, kwa sababu kwake 500sp ni sawa na pikseli 625. Hilo si kosa, ni jambo jema. Ukiandika `px` ndipo maandishi yake yatakapobanwa.

Kuna jambo lingine hushtua: ukishaweka sharti la upana, dirisha haliongozwi tena na upana wa chini wa watoto wake. Kima chake cha kawaida kinakuwa 360 kwa 200. Ukiwa umesahau mtoto mmoja mpana, sasa badala ya dirisha kugoma kusinyaa, yaliyomo yanakatwa. Ndiyo sababu ya onyo lile la terminali.

Dalili: "nagusa aina ya bidhaa, haiendi popote"

Ripoti hii hutoka kwa watu wa simu pekee, na kwenye kompyuta huwezi kuirudia mpaka usinyaze dirisha.

Kwanza angalia kama unaweka `show-content` kuwa TRUE mtumiaji anapochagua. Kwenye kompyuta pande zote mbili zinaonekana, hivyo hakuna anayegundua kwamba hukuiandika. Zikikunjwa, mtumiaji anabaki upande wa orodha milele.

Kama ipo, tazama unasikiliza ishara gani, yaani taarifa ambayo wijeti hutoa jambo linapotokea. Programu nyingi husikiliza `row-selected`. Programu ikifunguka, mstari wa kwanza umeshachaguliwa tayari. Mtumiaji wa simu anaugusa mstari huohuo wa kwanza; uchaguzi haujabadilika, ishara haitolewi, na ukurasa haufunguki. Akigusa wa pili unafunguka, akirudi na kuugusa tena ule wa pili, unagoma. Atakuandikia kwamba programu "inafanya kazi ikijisikia". Badilisha utumie `row-activated`, na orodha ikiwa imekunjwa usiache mstari wowote ukiwa umechaguliwa.

Dalili: nagusa hiki, kinajibu kile

Tufanye hesabu ya milimita, kwa kuwa kidole hakijui pikseli. Skrini ya Librem 5 ni inchi 5.7, na upana wake ni kama milimita 65. Gawanya kwa 360, kila pikseli ya programu ni takribani milimita 0.18. Kitufe cha kawaida cha Adwaita chenye urefu wa 34 kinakuwa milimita 6. Apple hushauri 44 kwenye mfumo wake, Android 48, na utafiti wa Parhi, Karlson na Bederson wa mwaka 2006 kuhusu matumizi ya kidole gumba ulipendekeza milimita 9.2 kwa mguso mmoja. Kwenye simu yetu hizo ni kama pikseli 51. Mwongozo wa WCAG 2.2 wa mwaka 2023, unaohusu tovuti kufikika na watu wenye ulemavu, unakubali hadi 24, lakini kwenye simu hii 24 ni milimita nne na ushei. Anayefuata kima hicho cha chini ametimiza masharti, ila muuzaji mwenye haraka na mikono yenye unga hatamshukuru.

Si lazima kuvimbisha vitufe vyote. Panua eneo linalopokea mguso. AdwActionRow ikipewa `activatable-widget`, mguso popote kwenye mstari mzima huwasha swichi iliyo mwishoni mwake. Kwa mistari ya orodha, fanya mstari wote uwe kitufe na uondoe vitufe vidogo vilivyomo ndani.

Cha pili ni ujirani. Kufuta kukikaa pembeni ya kuhariri, siku moja kitaguswa kwa bahati mbaya. Kuuliza "Una uhakika?" hakusaidii sana, kwa sababu baada ya kuulizwa mara kadhaa mtu hujibu ndiyo bila kusoma. Futa, kisha onyesha AdwToast (ujumbe mfupi unaojitokeza chini kisha kuondoka) yenye kitufe cha Tendua, na usifute kabisa kwenye hifadhidata mpaka ujumbe huo uondoke.

Dalili: nimegusa mahali patupu, bidhaa ikafutika

Ripoti ya namna hii huonekana ya kutunga, lakini iamini. Tafuta kwenye CSS yako kitu kama hiki: kitufe chenye `opacity: 0` kinachojitokeza pale kipanya kinapopita juu ya mstari kwa `:hover`. Kwenye GTK kitufe kisichoonekana kwa sababu ya `opacity` bado kipo na bado kinapokea mguso. Mwenye kipanya hukiona kabla ya kukibofya. Kidole hakipiti juu ya kitu, kinatua tu, na kimetua juu ya Futa.

Usitafute namna ya kuiga kipanya. Kinachojitokeza kwa kupitiwa kiwe kinaonekana muda wote, au kiingie kwenye menyu ya nukta tatu mwishoni mwa mstari. Hivyohivyo kwa vidokezo: kitufe chenye ikoni peke yake, ambacho maana yake iko kwenye kidokezo, kwa mtu wa simu ni fumbo. Kikiwa cha kufungua au kutafuta ataelewa. Kikiwa cha "linganisha stoo", kiandike.

Dalili: menyu ya kubofya kulia haipatikani, au inafunguka na ukurasa unabadilika hapohapo

GtkGestureClick iliyowekewa kitufe namba 3 haitawahi kuamka kwa kidole. Ongeza GtkGestureLongPress kwenye wijeti hiyohiyo na zote ziite kazi (function) moja ya kufungua menyu.

Ukishafanya hivyo huja tatizo la pili: mtumiaji anabonyeza kwa muda, menyu inatoka, anainua kidole, na mstari unafunguka kana kwamba ameugusa kawaida. Vitambuzi viwili vya mguso vimegombania mguso mmoja na vyote vimeshinda. Ndani ya kazi ya kubonyeza kwa muda, dai mguso huo uwe wako:

```
gtk_gesture_set_state (GTK_GESTURE (gesture),
                       GTK_EVENT_SEQUENCE_CLAIMED);
```

Hata hivyo, kubonyeza kwa muda ni njia ya siri. Hakuna kitu kwenye skrini kinachomwambia mtu ajaribu. Kila kilichomo kwenye menyu hiyo kiwe na njia nyingine inayoonekana. Vivyo hivyo kwa Ctrl na Shift katika kuchagua vitu vingi: weka kitufe cha Chagua kinachotoa visanduku vya alama. Esc nayo usiitegemee kufunga chochote.

Dalili: kibodi ya skrini haitokei

Kwenye Phosh (mazingira ya skrini ya simu za Linux) kibodi huitwa na programu yenyewe kupitia itifaki ya text-input ya Wayland, mfumo wa kisasa wa kuonyesha madirisha. Isipotokea, kwa kawaida programu haizungumzi Wayland. Angalia kama kuna mahali umeacha `GDK_BACKEND=x11`, labda kwenye faili la kuanzishia au ruhusa za Flatpak, maana programu inayopita XWayland (daraja la programu za mfumo wa zamani wa X11) haiwezi kuiita kibodi. Kisha angalia `GTK_IM_MODULE`. Ikiwa imewekwa thamani yoyote iliyobaki kutoka kwenye usanidi wa kompyuta, ifute ujaribu tena. Kama sehemu ya kuandikia umeichora mwenyewe badala ya kutumia GtkText au GtkTextView, basi kuunganisha GtkIMContext ni juu yako.

Ikitokea kibodi ya herufi mahali pa bei, weka `input-purpose`: `digits`, `number`, `phone` au `email`. Ni mstari mmoja wa msimbo, na kwa mtu anayeingiza bei mia moja kwa siku hakuna marekebisho mengine yenye faida kama hili.

Dalili: kibodi imefunika ninachoandika

Kwa kweli haijafunika. Kibodi ikitokea, dirisha lako hupunguzwa urefu. Kama fomu yako haipo ndani ya GtkScrolledWindow, urefu wake wa chini unazidi uliobaki na sehemu ya chini inakatwa. Iweke ndani, na hakikisha GtkViewport ina `scroll-to-focus`, ili uga unaoandikwa ujisogeze wenyewe mbele ya macho. Kitufe cha Hifadhi kipandishe kwenye upau wa kichwa. Kikikaa chini ya fomu, mtu atalazimika kuifunga kibodi kwanza ndipo akione.

Dalili: kidirisha ni kikubwa kuliko simu

Kama bado unatumia GtkDialog au dirisha la pili, hamia AdwDialog, iliyokuja na libadwaita 1.5 mwaka 2024. Kwenye dirisha jembamba hujigeuza yenyewe kuwa karatasi inayopanda kutoka chini. Upana wa chini wa yaliyomo bado unahesabiwa, kwa hiyo kikikatwa rudi kwenye sehemu ya kwanza. Kidirisha cha kuchagua faili si chako, ni cha mfumo. Kikiwa kibaya, malalamiko yapeleke huko.

Dalili: orodha inakwamakwama

PinePhone ina kichakataji cha Allwinner A64 chenye kore nne za Cortex-A53, na chipu ya michoro ya Mali-400. Usisahau kuwa laptop yako ilikuwa inakuficha mambo. Linganisha hivi:

```
GSK_RENDERER=cairo ./hesabu-duka
```

Kasi ikibadilika sana, tatizo liko kwenye uchoraji: vivuli, kingo za mviringo zilizorundikana, uhuishaji. Isipobadilika, ni msimbo wako. Mara nyingi utakuta GtkListBox yenye bidhaa elfu tatu, ambayo hutengeneza wijeti kwa kila moja hata zisizoonekana. GtkListView hutengeneza chache na kuzitumia tena mtu anaposogeza. Na kama unasoma SQLite (hifadhidata ya programu) ndani ya mzunguko mkuu wa programu, skrini itaganda kila utafutaji, ihamishie pembeni.

Dalili: programu imewekwa, lakini haionekani kwenye simu

Phosh inaweza kuonyesha zile tu zilizotangaza kwamba zinafaa kwa simu. Mtumiaji akiomba aone zote ataipata, ila wengi hawajui kama kuna zilizofichwa. Kwenye faili la `.desktop` ongeza:

```
X-Purism-FormFactor=Workstation;Mobile;
```

Na kwenye faili la metainfo (maelezo ya programu yanayosomwa na duka la programu) tangaza upana wa chini na kwamba mguso unakubalika:

```
<requires>
  <display_length compare="ge">360</display_length>
</requires>
<supports>
  <control>keyboard</control>
  <control>pointing</control>
  <control>touch</control>
</supports>
```

Mistari hii iweke mwisho, baada ya dirisha kufika 360 bila onyo lolote kwenye terminali. Ukiiweka mapema, lalamiko la kwanza kwenye orodha hii litakurudia kutoka kwa watu wengi zaidi.